Zimamoto wa kujitolea: Majirani wanaoacha kazi zao kukabiliana na moto

KATIKA miaka mingi ambayo mwandishi wa makala haya amehariri taarifa za mikasa ya moto, ipo sentensi moja ambayo haikosi kurudi mezani: "Juhudi za wakazi kuuzima moto huo hazikufua dafu." Inayofuata husema kwamba gari la zimamoto liliwasili baadaye, likakuta mali yote imeteketea. Mhariri husahihisha tahajia, hupunguza maneno mawili matatu, kisha huipitisha habari.

Ni nadra kuulizwa hao "wakazi" ni akina nani. Walikuwa wakifanya nini nduru ilipopigwa? Walitumia vifaa gani? Ni nani miongoni mwao aliyeungua mikono, na kesho yake alikwendaje kazini?

Jibu ni kwamba wakazi hao ndio kikosi cha zimamoto cha mahali pale, hata kama hakuna aliyewahi kuwaita hivyo. Ni mwalimu, mwendesha bodaboda, fundi wa kuchomelea vyuma, mkata miwa na mama wa duka la nafaka. Kila mmoja ana kazi yake ya kumpa riziki, na hii ya kuzima moto huifanya bila malipo, bila mafunzo na mara nyingi bila hata glavu.

Katika nchi nyingine watu wa namna hii wana jina rasmi, sare, bima na ulinzi wa sheria. Makala haya yanaeleza kazi yao ilivyo, na kinachokosekana ili ifanyike kwa usalama, tukichukua mfano wa eneo la Naitiri, katika Kaunti ya Bungoma.

Umbali na dakika

Naitiri ni soko lililoko katika eneobunge la Tongaren, kandokando ya barabara itokayo Misikhu kuelekea Brigadier. Upande mmoja ni mji wa Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, na upande mwingine ni Webuye na mji wa Bungoma, makao makuu ya kaunti. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi katika miaka ya 1960. Kwa sababu hiyo maboma mengi hayakusongamana kama kwenye vijiji vya zamani, bali yametawanyika, kila familia juu ya shamba lake la mahindi, miwa na ng'ombe wa maziwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Hilo liliondoa utata kuhusu nani anawajibika, ila halikufupisha barabara. Gari likitoka mjini Bungoma, au likiombwa kwa majirani wa Kitale, lina makumi ya kilomita ya kupita kabla ya kufika Naitiri, na hapo tunadhani kwamba lina mafuta, lina maji, lina dereva na haliko kwenye mkasa mwingine.

Moto nao haungoji. Katika chumba chenye godoro la sponji, makochi na mapazia, joto hupanda hadi kila kitu kilichomo kikawaka kwa pamoja, na hilo laweza kutokea katika muda wa dakika tatu hadi tano tangu miali ya kwanza ionekane. Nyumba ikishafika hapo, aliye ndani hana nafasi ya kutoka hai. Hivyo basi, hata kama gari lingekuwa umbali wa dakika 15 tu, lingekuja kuokoa nyumba ya jirani, wala si ile iliyoanza kuungua. Mji mkubwa wenye vituo kadhaa hujaribu kushindana na saa. Soko la mashambani haliwezi, na ndiyo maana katika dunia nzima ulinzi wa vijiji dhidi ya moto umeegemea watu waishio pale pale.

Neno lenyewe "wazimamoto" lina historia ya ajabu Afrika Mashariki. Wakati wa ukoloni ulienea uvumi, Nairobi na kwingineko, kwamba watu wa zimamoto walikuwa wakiwakamata Waafrika usiku ili kuwanyonya damu, na mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2000. Wazee wa leo huicheka hadithi hiyo, lakini inaonyesha jinsi kikosi hicho kilivyokuwa kitu cha mjini na cha wageni, kisichomhusu mtu wa shambani.

Nduru ikipigwa

Kengele ya hatari ya Naitiri ni nduru. Mtu mmoja hupiga, wa pili huipokea, na baada ya muda mfupi kijiji kizima kimeamka. Mtindo huu una kasi kuliko simu, hasa usiku ambapo nyingi zimezimwa. Hata hivyo una kasoro moja kubwa: nduru ya mwizi na nduru ya moto husikika sawasawa. Wengine hufika wamebeba marungu na mapanga, hawana ndoo hata moja.

Ndiyo sababu kikundi chochote cha kujitolea, kabla ya kununua kifaa kingine, hufaa kuwa na ishara yake ya pekee. Filimbi inatosha, au kipande cha reli kilichotundikwa mtini kama kile cha shuleni, maadamu watu wote wamekubaliana kwamba mlio fulani una maana ya moto na kwamba kila ajaye ajilete na chombo cha maji.

Watu wakishafika, tatizo la pili ni vurugu. Watu hamsini wakikimbia kila mmoja kivyake baina ya kisima na nyumba, wanagongana, wanamwaga maji njiani, na wanamwagia miali badala ya kile kinachoungua. Watu hao hao wakisimama kwa safu na kupokezana, mambo hubadilika. Fanya hesabu, msomaji: ndoo ya lita 10 ikifika mbele kila baada ya sekunde tatu, hizo ni lita 200 kwa dakika. Ni kiasi cha kuheshimika kwa watu wasio na pampu, na chatosha kulowesha paa na kuta za nyumba ya pili ili isishike. Mtungi wa lita 20 haufai kazi hii, kwa kuwa ukijaa una uzito wa kilo 20 na baada ya dakika chache mikono huchoka. Safu ya pili, ya watoto na wasio na nguvu, hurudisha ndoo tupu.

Lazima pawepo na mmoja wa kuamuru, na asishike ndoo. Kazi yake ni kutazama: upepo unavuma kutoka wapi, paa linaanza kulegea upande gani, ni nani amekaribia kupita kiasi. Kazi yake ya kwanza kabisa ni kuuliza kama kuna mtu ndani, na kumtuma mwingine azime umeme kwenye swichi kuu. Maji yakirushwa juu ya nyaya zenye umeme, mzimaji ndiye anayeanguka.

Vilevile kuna mioto ambayo maji huichochea. Petroli na mafuta ya taa huelea juu ya maji na kusambaa nayo, kwa hiyo huzimwa kwa mchanga, kwa udongo au kwa mtungi maalum wa povu au wa unga. Mafuta ya kupikia yakishika kwenye sufuria, hufunikwa. Mtungi wa gesi unaovuja ndani ya nyumba hauhitaji shujaa wa kuusogelea na tochi ya moto. Madirisha hufunguliwa, watu hutoka, na swichi ya taa haiguswi.

Moshi ni adui mkubwa kuliko miali. Wengi wanaofia ndani ya nyumba huzidiwa na hewa yenye sumu kabla ya kufikiwa na moto. Kitambaa kilicholoweshwa maji, ambacho watu wengi hukiamini, huzuia masizi na kupunguza mwasho, lakini hakizuii gesi ya kaboni monoksidi hata kidogo. Asiye na kifaa cha kupumulia hana biashara ndani ya nyumba iliyojaa moshi. Huu ndio mpaka mgumu kuliko yote kwa mtu wa kujitolea, kwa sababu anayelia dirishani huenda ni mtoto wa jirani anayemjua kwa jina.

Msimu wa kiangazi

Kati ya Desemba na Machi mabua ya mahindi yamekauka, nyasi zimekauka, na miwa ina majani makavu hadi chini. Eneo hili sasa lina kiwanda chake cha sukari, mbali na kile cha Nzoia kilicho upande wa Bungoma, na ekari za miwa zimeongezeka. Moto wa shamba la miwa hauzimwi kwa ndoo. Hukatiwa njia. Vijana wenye mapanga na majembe hutangulia mbele yake kwa umbali wa kutosha, hufyeka ukanda na kuusafisha hadi udongo uonekane, kisha hungoja hapo na matawi mabichi ili kupiga cheche zinazovuka. Anayefyeka karibu mno na moto, au anayejiweka mahali ambapo upepo ukigeuka hana pa kukimbilia, anacheza na maisha yake.

Miwa ikishaungua, hasara haijaisha. Hupoteza uzito na utamu kwa haraka, na ni lazima ikatwe na kufikishwa kiwandani katika siku chache, la sivyo mkulima hupata malipo duni au hakuna. Katika ukanda wa miwa magharibi mwa Kenya wapo wakulima ambao wamewahi kushukiwa kuchoma miwa yao makusudi ili wavuniwe kabla ya zamu yao. Zimamoto wa kujitolea basi hujikuta akihatarisha mwili wake kwa ajili ya moto ambao huenda mwenye shamba mwenyewe aliuwasha. Hapaswi kuuliza swali hilo wakati huo. Huliacha kwa chifu na polisi.

Kuna mkasa mwingine ambapo kazi ya anayejitolea ni kuzuia watu wala si kuzima. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo, na zaidi ya watu 100 wakateketea walipokuwa wakichota petroli. Julai 2021 yalijirudia Malanga, Kaunti ya Siaya, ambako watu wasiopungua 13 walikufa. Malori ya aina hiyo hupita pia katika barabara kuu ya Webuye kuelekea Malaba na Eldoret. Kijana mmoja mwenye filimbi na kamba, akisaidiwa na mzee wa kijiji anayeheshimiwa, ana manufaa mahali hapo kuliko pampu. Ila hana mamlaka yoyote ya kisheria ya kumsukuma mtu nyuma, na umati wenye mitungi hulijua hilo.

Shule za bweni

Ikiwa kuna jambo linalomnyima usingizi kila mwalimu wa zamu ya usiku, ni bweni. Mnamo Machi 26, 2001, wavulana 67 waliangamia katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, baada ya bweni lao kumwagiwa petroli na kuwashwa. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Katikati ya misiba hiyo miwili kuna mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008. Unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na pawe na nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda.

Mwalimu, matroni na mlinzi wa usiku ndio kikosi cha zimamoto cha shule. Mwongozo huo ni orodha yao ya ukaguzi, na kukagua hakuhitaji fedha. Inatosha kuzunguka bweni kila jioni na kujaribu kila mlango kwa mkono.

Mwajiri atasema nini?

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Moto hautokei Jumapili alasiri pekee. Nduru inapopigwa saa nne asubuhi, mwalimu yuko darasani, karani yuko ofisini, na mfanyakazi wa kiwandani yuko kwenye mashine.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 44, inahesabu kutoka mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa, linaloweza kumfanya mtu afutwe mara moja. Mtu anaweza kujitetea kwamba kuokoa maisha ni sababu halali, na mwajiri mwenye utu atamwelewa. Lakini hakuna kifungu kinachomtaja zimamoto wa kujitolea na kumkinga waziwazi. Anategemea hisani.

Hatari ya pili ni majeraha. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, humlipa mwajiriwa aliyeumia akitekeleza kazi yake. Anayeanguka kutoka paani akimsaidia jirani si mwajiriwa wa mtu yeyote kwa saa hiyo. Gharama za hospitali humwangukia yeye na jamaa yake, au bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ikiwa michango yake imelipwa. Siku asizofanya kazi hazilipwi na yeyote. Kwa mwendesha bodaboda, mkono ulioungua ni mwezi mzima bila mapato huku mwenye pikipiki akidai hesabu yake ya kila siku.

Kinyume chake kinapatikana ndani ya viwanda vyetu wenyewe. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinamtaka mwenye kiwanda aunde kikosi cha kuzima moto miongoni mwa wafanyakazi wake, akifunze, na afanye zoezi la moto angalau mara moja kila mwaka. Mfanyakazi huyo akiumia akizima moto wa kiwanda, yumo kazini. Wafanyakazi hao hao jioni hurudi vijijini na ujuzi ambao jirani zao hawana. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kikundi cha Naitiri kingeanza kwa kuwatafuta watu hawa kwanza, kabla ya kumngoja mkufunzi kutoka mbali.

Ugenini mambo yamepangwa. Nchini Ujerumani watu wapatao milioni moja ni wazimamoto wa kujitolea, na sheria za majimbo humlazimu mwajiri kumwachilia mfanyakazi nduru ya huko inapolia. Mwajiri binafsi anaweza kudai kwa manispaa arejeshewe mshahara wa saa hizo, na anayeumia ana bima ya umma. Uingereza ina wazimamoto wa muda waishio au wafanyao kazi karibu na kituo, ambao hulipwa kwa kila wito. Marekani, ambako Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi chao Philadelphia mwaka 1736, takriban theluthi mbili ya wazimamoto ni wa kujitolea. Chile imepita wote: tangu kikosi cha kwanza cha Valparaíso mwaka 1851, wazimamoto wake hawalipwi, na wao ndio hutoa ada ya uanachama.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki watu wa kujitolea wamewahi kupangwa wakafanya kazi kubwa. Moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro Oktoba 11, 2020, watu wapatao 500 walipanda kusaidia askari wa hifadhi, wakiwemo wakazi wa vijiji vya chini na wanafunzi. Walitumia mapanga, majembe na matawi, mahali ambapo gari halifiki kabisa. Walikuwa na jambo moja ambalo majirani wa soko la kawaida huwa hawana: mtu wa kuwaambia waende wapi, wapumzike lini na wale nini.

Pa kuanzia

Kikundi cha watu 20 kinatosha kwa soko na vijiji vyake, mradi wasiwe wote wa kazi moja. Walimu watupu maana yake ni kwamba asubuhi hakuna mtu, na waendesha bodaboda watupu maana yake ni kwamba siku ya soko wote wako safarini. Mama wa dukani, ambaye haondoki pale tangu alfajiri hadi usiku, ndiye anayefaa kutunza filimbi na ufunguo wa vifaa.

Kwa vifaa, waanze na ndoo 30, ngazi mbili, kamba, ndoana ndefu ya kuvuta mabati, mapanga, koleo, glavu nene za ngozi, gambuti na mitungi michache ya unga. Tangi la maji la shule au la kanisa lililo karibu liafikiwe mapema, na kisima kiwekewe alama ili asiyekijua asikitumbukie gizani. Kikundi kikijisajili kama kikundi cha kijamii, kinaweza kufungua akaunti, kuchangishana kama chama chochote, na kuiandikia kaunti kikiomba mafunzo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa 1965, limejengwa juu ya watu wa kujitolea na hufunza huduma ya kwanza.

Barua ya pili iende kwa kila mwajiri wa wanachama. Ieleze kwamba mfanyakazi fulani ni mwanachama, kwamba ataondoka tu ishara ikisikika, na kwamba kiongozi wa kikundi atathibitisha kwa maandishi saa alizokuwa kwenye mkasa. Mwajiri akitia sahihi mapema, mzozo hupungua, kwani duka na ghala lake mwenyewe yamo katika eneo hilo hilo.

Na mmoja wao akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe kabla ya kuvimba, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi akielekea hospitali. Dawa ya meno, mayai, maziwa na samli viachwe jikoni. Bodaboda ya kumpeleka iwe imeshachaguliwa tangu siku kikundi kilipoundwa, na dereva wake asiwe miongoni mwa wanaoshika ndoo.